Kisukari Hakisubiri Jumamosi ya Pili

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliagiza kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini, ili kukabiliana na magonjwa yasiyoambukiza. Agizo lilikuwa jema. Lakini kwa mtu anayeishi na kisukari, ratiba hiyo ina kasoro moja kubwa: mwili wake hauhesabu kwa miezi.

Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu kwa njia yake wenyewe, hata pale ambapo insulini ni haba au seli zimekuwa sugu kwake. Mazoezi yakiisha, misuli hubaki ikiitikia insulini kwa wepesi zaidi kwa muda wa saa 24 hadi 48 hivi, kisha manufaa hayo hufifia. Ndiyo maana wataalamu husisitiza dakika zisizopungua 150 kwa wiki, zikigawanywa ili zisipite siku mbili mfululizo bila mazoezi. Anayevaa fulana ya kampeni, akakimbia kwa shangwe Jumamosi moja, kisha akarudi kitini mpaka mwezi ujao, ameyasherehekea mazoezi, hajayafanya.

Tumefikaje hapa? Utafiti wa McLarty, Swai na wenzao, uliochapishwa mwaka 1989, uliwapima watu takriban 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania, na waliokutwa na kisukari hawakufika 1 katika 100. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban 9 katika 100. Umri na vipimo havilingani, hivyo si haki kuziweka tarakimu hizo kwenye mzani mmoja, ila mwelekeo haufichiki. Watafiti wengine waliwafuatilia watu waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Katika mwaka wa kwanza tu uzito wao uliongezeka kwa wastani wa zaidi ya kilo 2, na waliofanya kazi nzito za mwili wakapungua mno. Watu hao hawakugeuka wavivu ghafla. Mji uliwapokonya mwendo.

Mtumishi wa umma wa Singida hahitaji kuhamia Dar es Salaam ili ayapate maisha hayo. Bodaboda humchukua mlangoni, kiti humpokea kwa saa nane, chapati na chai yenye sukari humfuata mezani, na bodaboda humrudisha. Jioni huenda akatazama mpira, ambapo watu 22 humfanyia mazoezi.

Nitaambiwa kwamba huu ni mkoa wa wakulima, na mkulima hahitaji kufundishwa kutoka jasho. Ni kweli, kwa nusu ya mwaka. Kumwambia mama wa Iramba au Mkalama aongeze mazoezi wakati wa palizi ya alizeti na mtama ni kumkejeli. Hata hivyo, mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Baada ya mavuno jembe hupumzika, na wanaume hasa hupumzika nalo. Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi anaweza kuwa na dozi inayomfaa kiangazi lakini ikashusha mno sukari yake akiwa shambani. Atatetemeka, atatokwa na jasho jembamba, ataanza kuzungumza ovyo, na wenzake watadhani ni malaria. Swali fupi la kliniki, "Kipindi hiki unalima?", lingeweza kumwokoa, pamoja na onyo kwamba asiende shambani bila kula na asikose kitu cha sukari mfukoni. Dozi yenyewe haibadilishi yeye. Anayeibadilisha ni tabibu.

Hapa ndipo lilipo lalamiko langu kubwa. Kidonge huandikwa: kiasi gani, mara ngapi, kabla au baada ya chakula. Mazoezi husemwa tu: "Ufanye mazoezi." Mgonjwa anaondoka na agizo lisilo na kipimo. Aambiwe atembee kwa haraka dakika 30, siku tano za wiki, na kwamba hata mwendo mfupi baada ya mlo husaidia. Aambiwe avae viatu vilivyofunika miguu, kwa kuwa miguu iliyokufa ganzi haitambui mwiba, na akague nyayo zake kila jioni. Na aambiwe waziwazi kwamba mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini kwa kutegemea mbio atapoteza maisha.

Kwa walio ukingoni mwa ugonjwa ushahidi ni mzito zaidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulionesha kwamba kupunguza uzito pamoja na dakika 150 za mwendo kwa wiki kulipunguza uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili kwa asilimia 58. Dawa ya metifomini ilipunguza kwa asilimia 31.

Lakini mtu atembee wapi? Mji wenye maziwa mawili, Singidani na Kindai, una mandhari ambayo miji mingine ingeitamani. Hata hivyo mwanamke wa makamo akionekana anatembea kwa kasi kando ya ziwa bila mzigo kichwani, ataulizwa kwake kuna msiba gani. Na giza likiingia, hatatoka kabisa pasipo na taa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatufanya sote kuwa walipaji wa usafishaji wa figo na ukataji wa miguu. Njia ya waenda kwa miguu, taa kadhaa na ruhusa kwa watumishi kusimama na kutembea kidogo kila baada ya nusu saa ni gharama ndogo kuliko hizo. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Madiwani na maofisa mipango wanaosoma hapa wanajua ni mwezi gani mapendekezo hupokelewa.