Ridhikeni, Asema Mwenye Lumbesa

JICHO LA MBANDE
Na Mathayo Chidosa

Mahafali ya kidato cha nne nimehudhuria mengi, lakini haya ya wiki hii yamenipandisha presha. Yalifanyika katika shule moja hapa wilayani kwetu Kongwa. Siitaji, maana mpwa wangu bado hajachukua cheti chake. Kadi ilisema saa nne asubuhi. Mgeni rasmi akaingia saa saba na nusu, shangingi jeupe likitimua vumbi hadi kwenye pilau la meza kuu. Sisi wa viti vya plastiki tulikuwa tumeshachoka kuhamahama tukifuata kivuli cha mbuyu.

Mgeni mwenyewe ni mnunuzi wa mazao. Ni mtu wa lumbesa, anayetaka gunia lijazwe, lishonewe kilemba juu, kisha alipe bei ya gunia moja. Shemeji yangu wa Kibaigwa husema magunia ya bwana huyu yana mimba.

Basi akaitwa binti aliyepata zawadi ya somo la Kiswahili, asimulie riwaya aliyoipenda. Akachagua Dunia Uwanja wa Fujo ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1975. Alisimama mikono nyuma, bila karatasi, akatueleza jinsi Tumaini alivyouchezea ujana, alivyokuja kuwa mkulima mkubwa kule Shinyanga, jinsi Ujamaa ulivyolifikia shamba lake, naye akaua kiongozi na kuishia kitanzini. Hata watoto wadogo waliokuwa wakigombea chupa za soda walinyamaza.

Mgeni rasmi akanyakua maikrofoni. "Mmesikia, wanangu? Pesa haina raha! Tamaa ya mali na vyeo ndiyo iliyomnyonga Tumaini. Ridhikeni na kidogo mnachopata." Saa ya mkononi ilikuwa inameta mpaka mpiga picha akawa anakwepesha kamera. Mzee aliyekaa mbele yangu, kandambili zake zimeungwa kwa waya, akaitikia, "Amina."

Hiyo "Amina" ndiyo iliyonitoa kwenye kiti. Nilikwenda kusimama nyuma ya turubai na wapishi, nisije nikasema jambo.

Nani kamwambia kwamba riwaya zetu ziliandikwa kuwatuliza wenye kandambili? Tumaini hakuwa mtu wa kukosa ugali. Chukua Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Hasidi na Mwivu walirithi sawa na ndugu yao. Wakapoteza, Adili akawagawia tena, na bado wakamtosa baharini kwa kijicho. Waligeuzwa manyani wakiwa watu wa nasaba na mali. Wala Utubora wa mwandishi huyohuyo, yule aliyeacha kazi nzuri mjini akaenda kushika jembe, hakuhubiriwa na tajiri wake. Aliamua mwenyewe, na alikuwa na cha kuacha.

Masikini wa riwaya zetu ana habari nyingine kabisa. Katika Joka la Mdimu ya Abdallah Safari, iliyosomwa miaka mingi sekondari, dereva teksi Amani anaingia kwenye ujambazi akitafuta fedha za kumtibu mwanawe, Cheche. Mwambie Amani aridhike, uone. Na Ndyanao Balisidya, binti wa Dodoma yetu hii, katika Shida ya mwaka 1975, anawatoa Chonya na Matika kijijini wakaifuata Dar es Salaam. Jina la kitabu linatosha kukueleza walichokikuta. Hawakufuata shangingi, walifuata maisha.

Kama mgeni rasmi alitaka mfano wa tamaa, hakuwa na haja ya kwenda Shinyanga. Angegeuza shingo tu. Ilikuwa hapahapa Kongwa, mwaka 1947, Waingereza walipokuja na mradi wa karanga, wakiota ekari zaidi ya milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Walileta mpaka vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Mgogo aliyeijua ardhi hii, kwamba mvua yake ni ya kubahatisha na udongo wake ukikauka ni saruji, hakuna aliyemsikiliza. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na pauni milioni 36 zilikuwa zimeteketea.

Sasa sikilizeni utamu. Waziri wa Chakula wa Uingereza aliyeusimamia mradi, John Strachey, hakunyongwa wala hakugeuzwa nyani. Mwaka 1950, kabla mradi haujafutwa, alihamishiwa Wizara ya Vita. Riwayani mwenye tamaa hulipa. Huku nje hupewa wizara nyingine, au hualikwa kuwa mgeni rasmi.

Ndiyo maana waandishi wetu wanawaadhibu wenye tamaa kwenye karatasi: wameona hakuna anayewaadhibu kwingine. Ni hasira ya mtu aliyepunjwa. Kuigeuza iwe dawa ya usingizi ya kuwanywesha watoto wa wakulima ni kumpunja mwandishi naye, kama mkulima wa Kibaigwa anavyopunjwa sokoni.

Walimu wangu, najua shule ina madirisha ya kuziba na mgeni ameahidi mifuko ya saruji. Mwakani mwalikeni tena, mpeni kiti na soda. Lakini akimaliza kutoa saruji, maikrofoni irudi kwa yule binti, maana ndiye aliyekisoma kitabu. Na yeyote atakayetuhubiria kuridhika, aanze yeye: aridhike na gunia la kilo 100.