Vifaa vya kubebea mizigo si anasa

Mkulima wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, anapopakia matenga yake kwenye Kenta kwenda Dar es Salaam, hesabu yake huishia kwenye nauli ya mzigo. Kamba, turubai na chombo cha kuwekea nyanya huonekana mambo madogo. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Tenga refu huzifanya nyanya za chini zibebe uzito wa zile za juu. Gari likimaliza kona za mlima Kitonga, nyingi zimekwishapondeka. Kreti za plastiki zikipangwa, uzito hubebwa na kuta zake, na matundu hupitisha hewa. Turubai nalo linafaa kuinuliwa kwa fremu, kwani likilazwa juu ya mzigo hufungia joto.

Mwaka 2019 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikadiria kuwa asilimia 14 ya chakula duniani hupotea baada ya kuvunwa, kabla ya kufika madukani.

Ni kweli kreti ni ghali kuliko tenga, na kuzirudisha tupu kutoka sokoni ni gharama nyingine. Lakini vyama vya ushirika vinaweza kununua kwa pamoja na kuwakodishia wanachama. Mafundi wa kuchomelea nao watengeneze fremu na ndoano za kamba. Kila Kenta ya mazao ni mteja wao.

Nauli hulipwa kwa tenga zima, lakini mnunuzi hulipia nyanya nzima tu.