Akiolojia si kozi ya waliokosa kozi

Kijana akifaulu Kidato cha Sita kisha akajaza akiolojia kwenye maombi ya chuo, ukoo mzima huingiwa na wasiwasi. Mjomba atauliza kama atakula mifupa, shangazi atamsihi asome sheria. Nasema wazi: kijana yuko sahihi, na wanaomkatisha tamaa wanalitia taifa hasara.

Kwa miaka mingi tuliambiwa miji ya mawe ya pwani yetu ya Afrika Mashariki, kama Kilwa, Gedi na Pate, ililetwa tayari kutoka Uajemi na Uarabuni. Uongo huo uliporomoshwa na watu waliopiga magoti mchangani na mwiko mkononi. Huko Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba miaka ya 1980 chini ya msikiti wa mawe, akakuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine, hadi kwenye mashimo ya nguzo za miti ya karne ya 8. Vigae vya huko vilikuwa vya vyungu vya wenyeji, vyenye michoro ya pembetatu, aina ileile ambayo Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliifuatilia kwenye makazi ya wakulima na wafua chuma. Mji ulikulia papo hapo.

Anayeidharau anthropolojia, ndugu wa akiolojia, naye aitazame Buhaya, mkoani Kagera. Miaka ya 1970 mwanaakiolojia na mwanaanthropolojia Peter Schmidt aliketi kwanza na wazee, akasikiliza simulizi zao, ndipo akachimba walikomwelekeza na kukuta mabaki ya uyeyushaji chuma wa kale. Wazee waliowahi kuifanya kazi hiyo ujanani wakajenga tanuri upya: udongo wa kichuguu, matete yaliyounguzwa, mkaa, mivukuto. Bila wao, mavi ya chuma yangebaki mawe meusi tu.

Ajira? Ni kweli, nafasi ni chache, na hilo ni kosa la waajiri, si la somo. Bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga lina kilomita 1,443, na kabla ya katapila kupita, lazima mtu anayejua kutofautisha kaburi na kichuguu atangulie. Kila halmashauri yenye magofu inapaswa kuwa na mtaalamu wake kama ilivyo na bwana shamba. Wabunge waidai bajeti ya wataalamu hao mwaka huu, na mjomba amlipie kijana ada.