Mwalimu wa Uraia Apewe Katiba, Asipewe Posho Tupu

Ndugu waamini, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, na ninyi nyote mlio wazazi na walezi,

Mwalimu anayemfundisha mwanao Uraia, je, amewahi kuishika Katiba ya nchi mkononi mwake na kuisoma tangu utangulizi hadi mwisho? Hatuulizi kwa kumdharau mwalimu. Tunauliza kwa kuwa sisi wenyewe, wanatume wa Haki na Amani, tuliuliza swali hilo siku moja mbele ya walimu tuliowaalika, na jibu tulilolipata limetunyima utulivu tangu hapo.

Ilikuwa katika semina ya siku mbili tuliyowaandalia walimu wa Uraia na wa Historia katika ukumbi wa parokia. Ukumbi ulijaa. Tulipomwomba kila mwenye nakala yake ya Katiba ainue mkono, mikono iliyoinuka ilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Walimu wale hawakuwa wavivu. Mmoja wao, aliyekwisha kulifundisha somo hilo kwa miaka 17, alituambia kwa upole kwamba shuleni kwake Katiba ilionekana mara moja tu, mezani pa mkuu wa shule, siku ya ukaguzi.

Nasi tulifanya nini baada ya kuyasikia hayo? Tuliendelea na ratiba. Mwezeshaji alisimama mbele ya bango kitita, akaandika maana ya katiba, aina za katiba na umuhimu wa katiba. Tukanywa chai, tukapiga picha ya pamoja, tukagawa vyeti, fulana na bahasha za posho, tukaagana. Fedha tulizolipia fulana zile zingetosha kumpatia kila mwalimu nakala ya Katiba. Hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria jambo hilo mpaka wageni walipokwisha kuondoka.

Kwa hiyo lawama tutakayoitoa katika kurasa hizi inaanzia nyumbani kwetu. Lakini haiishii hapo.

1. Semina zisizomfundisha mtu

Kila uchaguzi unapokaribia, semina za uraia huota kama uyoga baada ya mvua. Idara zinaita, mashirika yanaita, makanisa yanaita. Mwalimu huyo huyo huitwa mara tatu kwa mwaka kusikiliza mada ile ile, kisha hukaa miaka minne bila kuitwa na mtu yeyote. Anayeitwa si lazima awe yule anayefundisha somo; mara nyingi ni yule ambaye ofisi imeona kwamba zamu yake ya kupata posho imefika. Akirudi shuleni hakuna anayemuuliza amejifunza nini wala amefundisha nini. Taarifa inayopelekwa kwa mfadhili huhesabu vichwa vilivyohudhuria. Haisemi kama kuna darasa hata moja lililobadilika.

Tusisahau kwamba nchi hii iliwahi kufanya vizuri zaidi ikiwa na fedha chache zaidi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, karibu watu milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu na kujadiliana wiki baada ya wiki, wakiongozwa na watu wa kwao waliokuwa wamefunzwa kazi hiyo. Kila kikundi kilikuwa na kitabu mkononi, na baada ya majadiliano kulikuwa na kazi ya kufanya, kama kuchimba choo au kufukia madimbwi. Kampeni ile ilikuwa na kasoro zake. Hata hivyo ilijua jambo ambalo semina zetu zimelisahau, yaani mtu mzima hujifunza kwa kurudia, kwa kusoma mwenyewe na kwa kujibizana na wenzake.

Siku hizi serikali imeweka utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unaowakutanisha walimu katika shule zao na katika vituo vya walimu. Tunausifu utaratibu huo, kwa sababu unamfuata mwalimu alipo. Lakini tunauliza: katika mikutano hiyo, ni mara ngapi walimu wa Uraia na wa Historia wamekaa pamoja na ibara moja ya Katiba mbele yao, wakaichambua kama wenzao wa Hisabati wanavyochambua mada ngumu? Kusoma na kuhesabu vina haki ya kutangulia. Havina haki ya kuwa peke yake.

2. Historia inayorukwa

Muulize mwanafunzi aliyefaulu Uraia nchi yake imekuwa na katiba ngapi. Pengine atakutajia miaka: 1961, 1962, 1965, 1977. Muulize sasa nani alizitunga, na kwa nini zilibadilika. Hapo kimya huingia, na kimya hicho mtoto amekirithi kwa mwalimu wake.

Mwalimu aliyeandaliwa vema angemweleza kwamba Katiba ya Uhuru ya 1961 ilitolewa kwa amri ya dola ya Uingereza. Kwamba ile ya Jamhuri ya 1962 ilimpa Rais madaraka makubwa. Kwamba Katiba ya Muda ya 1965 iliyofuata Muungano ilisimika mfumo wa chama kimoja, na katiba ya TANU ikaambatanishwa nayo. Na kwamba Katiba ya 1977 tunayoitumia hadi leo ilipitishwa bila wananchi kupigiwa kura ya maoni. Angemweleza kwamba haki za binadamu hazikuwa sehemu ya Katiba mpaka mabadiliko ya 1984, na kwamba hata hapo mwananchi alisubiri hadi 1988 ndipo aweze kuzidai mahakamani. Mtoto akiyajua haya hatadhani tena kwamba Katiba ilishuka kutoka mbinguni. Ataona kwamba iliandikwa na watu, na kwamba watu waliibadilisha.

Kuna mambo mawili ambayo tungependa kila semina ya walimu iyatumie.

La kwanza ni Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ya mwaka 1991. Wengi wa waliotoa maoni, yapata asilimia 80, walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 vikaruhusiwa. Je, Tume iliwadharau walio wengi, au ilizilinda haki za walio wachache? Tume hiyo hiyo ilitaja sheria 40 ilizoziona kandamizi. Ni zipi zilizofutwa, na ni zipi zilizobaki? Maswali haya hayana jibu moja la kukaririwa, na kwa sababu hiyo yanafaa kufundishia. Mwalimu atajifunza kuongoza mjadala ambao yeye mwenyewe hajui utaishia wapi.

La pili ni shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kuhusu mgombea binafsi. Mwaka 1994 Mahakama Kuu iliamua kwamba raia anayo haki ya kugombea bila kupitia chama. Muda mfupi baadaye Bunge likaibadilisha Katiba kuifunga njia hiyo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaamua tena kwa upande wa Mchungaji. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, ikisema suala hilo ni la Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ikaamua kwamba haki yake ilikuwa imekiukwa. Mchungaji alifariki mwaka 2015, na mgombea binafsi hajaruhusiwa. Katika shauri hili moja mwalimu anaweza kuifundisha mihimili yote mitatu ya dola, kila mmoja ukiwa kazini na ukisuguana na mwenzake. Kuna bango kitita gani linaloweza kuifanya kazi hiyo?

Yako pia ya karibu zaidi: Tume ya Jaji Warioba, Bunge Maalum la Katiba lililokaa Dodoma mwaka 2014, wajumbe waliotoka nje, Katiba Inayopendekezwa, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 30, 2015 ikaahirishwa. Wanafunzi wa leo walikuwa wachanga au hawakuwa wamezaliwa. Watayajulia wapi, ikiwa mwalimu anaogopa kuyataja?

3. "Msiingize siasa darasani"

Hapa tumegusa kidonda. Mwalimu anaogopa. Ameambiwa yeye ni mtumishi wa umma na asiingize siasa darasani. Basi akifika penye mgogoro hufunga daftari na kuwaambia wanafunzi hayo hayatoki kwenye mtihani.

Tunasema wazi: agizo hilo ni la haki likimzuia mwalimu kuwapigia watoto kampeni. Likimzuia kusoma Katiba, ni dhuluma. Kumwambia mtoto akichague chama fulani ni siasa za vyama. Kumwonyesha kwamba ibara ya 41 inakataza mahakama kuchunguza kuchaguliwa kwa Rais baada ya Tume kumtangaza, kisha kumwachia apime hoja za wanaoitetea na za wanaoipinga, hiyo ni kazi ambayo mwalimu analipwa aifanye. Anayeviona vitu hivi viwili kuwa kimoja hawalindi watoto dhidi ya siasa. Anawalinda wenye madaraka dhidi ya maswali.

Wapo watakaotuambia kwamba wakati huu si wa kuyasema haya. Watatukumbusha Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, vijana walipoingia barabarani katika miji kadhaa, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje, na damu ikamwagika. Familia zililia, nasi tulilia nazo. Wanasema: mkiwafundisha vijana habari za Katiba mtawachochea tena.

Tunajibu kwa uchungu. Vijana wale walipita katika madarasa yetu. Waliandika kwenye madaftari yao kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, wakapigiwa alama ya vema, kisha wakatoka nje na kukuta maisha mengine. Pengo hilo kati ya daftari na barabara ndilo linalochochea. Mwalimu aliyefunzwa vizuri angekaa nao katika pengo hilo. Angewafundisha ibara ya 26, inayompa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba. Angewaambia pia, bila kuficha, kwamba sheria iliyorekebishwa mwaka 2020 ilimbana anayekwenda mahakamani, kwani ilimtaka aapie jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Kijana anayeijua njia ya amani, na anayejua ni wapi imezibwa na nani anaweza kuizibua, ana jambo la kudai na mahali pa kulidai. Asiyejua lolote amebakiwa na hasira peke yake, nayo hasira haina ibara.

4. Lugha tuliyoinyima Katiba

Katiba yetu iliandikwa kwa Kiswahili. Hata hivyo kwa miaka mingi mtoto wa sekondari ameisoma habari yake kwa Kiingereza, akiyakariri maneno ambayo bibi yake, mpiga kura wa miaka yote, hawezi kuyajadili naye jioni. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoletwa na mtaala ulioboreshwa wa 2023, linafundishwa kwa Kiswahili, na hilo ni jema. Lakini lugha peke yake haitoshi. Mwalimu akiachwa bila maandalizi, maadili yatageuka kuwa mahubiri ya utii, na historia itageuka kuwa orodha ya viongozi wa kusifiwa.

5. Tunayoyadai, na tunayojifunga kuyatenda

Kwa wenye dhamana ya elimu: kila mwalimu wa masomo haya apatiwe nakala yake ya Katiba kwa Kiswahili, aruhusiwe kuiandika pembeni na kuichakaza kwa kuisoma. Vikao vya walimu vya kila mwezi vitengewe muda wa kusoma ibara na kesi. Na uwepo mwongozo wa maandishi unaomlinda mwalimu anayefundisha yaliyomo katika Katiba, sheria na hukumu za mahakama, ili asibaki akitegemea huruma ya mkubwa wake.

Kwa wenzetu wenye mashirika: acheni kuhesabu vichwa. Kama hamwezi kurudi kwa mwalimu yule yule mara nne kwa mwaka, msimwite kabisa.

Kwetu sisi: hatutaandaa tena semina ya siku mbili. Tutaufungua ukumbi wa parokia kwa walimu wa dini zote na wasio na dini, Jumamosi moja kila mwezi. Tutatoa nauli, chakula na nakala ya Katiba. Posho ya kukaa kwenye kiti haitakuwapo. Tunajua baadhi hawatakuja, wala hatuwalaumu, kwa kuwa mshahara wa mwalimu ni mdogo na nyumbani kuna watoto. Watakaokuja watano wakasoma kweli ni bora kuliko mia waliokuja kutia sahihi.

Nanyi wazazi, msituachie sisi. Siku ya kikao cha shule, baada ya kuuliza habari za michango na chakula cha mchana, ulizeni na hili: Katiba iko wapi, na nani anaisoma?

Maswali ya kujadili katika jumuiya

Je, katika jumuiya yetu kuna nyumba yenye nakala ya Katiba? Kama haipo, tutaipataje kabla hatujakutana tena?

Je, tunao walimu wa Uraia au wa Historia miongoni mwetu? Tuwasikilize: wanaogopa nini, na sisi tunaweza kusimama nao kwa namna gani?

Je, semina ya mwisho tuliyohudhuria, ya Kanisa au ya serikali, ilibadilisha nini katika maisha yetu? Tujibu kwa ukweli, hata kama ukweli huo unatugusa sisi viongozi.