Tikiti ya Mgeni Dar es Salaam

Kila mara mwenzetu wa hapa Ikungi apatapo ruhusa ya kushuka Dar es Salaam, ikiwa kwa kazi ya serikali, au kwa mafunzo, au kwa kumpeleka mgonjwa Muhimbili, hupewa mashauri mengi kabla hajapanda basi: alale wapi, ale kwa nani, na ajihadhari na watu gani Kariakoo. Shauri asilopewa ni moja, nalo ni hili: akiisha fika, atazunguka mjini kwa tikiti gani? Twaona jambo hili limedharauliwa kwa sababu fedha zake ni ndogo ndogo. Walakini sisi makarani ndio tunaokesha mwisho wa mwezi tukitafuta shilingi mia mbili zilizopotea katika daftari, basi si haki tudharau fedha ndogo za mifukoni mwetu wenyewe.

Tena lifikirieni jambo la posho. Posho ya safari huhesabiwa kwa siku za kulala, wala haihesabiwi kwa mara za kupanda gari. Aliyepata kitanda karibu na ofisi aendayo na aliyepata kitanda kwa shemeji yake Kimara wote hupokea sawasawa. Lakini huyu wa pili kila siku hutoa nauli asubuhi na nauli jioni, na pengine mara nne kama ofisi imemwambia arudi baada ya chakula. Wenye vyeo vikubwa hawaoni uchungu wake. Mhudumu wa ofisi, au karani wa mwaka wa kwanza, huuona.

Kwanza ijulikane kwamba tikiti ya mjini huanza kuchaguliwa huku huku bara. Mtu atokaye Ikungi hupita Manyoni hata Dodoma kwa basi, na hapo Dodoma ndipo penye njia panda. Akiendelea na basi, atashushwa katika kituo kikubwa cha Mbezi Luis, kilichofunguliwa mwezi wa Februari 2021, nacho ki mbali na katikati ya mji, yapata kilometa 20. Akishuka Dodoma na kupanda treni ya umeme, ambayo ilianza safari za Dodoma mwezi wa Julai 2024, atafikishwa katikati ya mji penyewe. Ilipoanza, nauli ya treni ile ya kawaida ilikuwa shilingi 31,000 toka Dodoma mpaka Dar es Salaam. Wako wanaolinganisha nauli hiyo na nauli ya basi peke yake, wakasema basi ni rahisi, wakakoma hapo. Hesabu hiyo haijatimia. Yawapasa waongeze juu ya nauli ya basi gharama ya kutoka Mbezi kuingia mjini, pamoja na mizigo, na pengine usiku, kisha walinganishe. Hatusemi treni ndiyo bora kwa kila mtu. Mwenye ndugu Mbezi au Kimara hana haja ya kupelekwa mpaka mjini apate kurudi nyuma tena.

Wazee wetu waliozoea kushuka Ubungo wasisafiri kwa mazoea. Zamani hizo msafiri alishuka Ubungo, na yale mabasi yaendayo kasi, ambayo watu huyaita Mwendokasi, yalipoanza mwezi wa Mei 2016 yalipita pale pale katika njia yao kuu itokayo Kimara mpaka Kivukoni. Kituo kilipohamishiwa Mbezi, mgeni akajikuta yu nje ya njia kuu ile, na hapo neno la tikiti likawa neno kubwa.

Maana angalieni nauli za mwaka ule 2016. Njia mlishi, yaani ile ya kuwaleta watu kwenye njia kuu, ilikuwa shilingi 400. Njia kuu ilikuwa shilingi 650. Lakini aliyenunua tikiti moja ya kuunganisha njia zote mbili alilipa shilingi 800 tu, na mwanafunzi alilipa 200. Basi mtu wa njia mbili aliyekata tikiti mbalimbali alitoa 1,050, na jirani yake aliyesema dirishani, "Naomba ya kuunganisha," alitoa 800, nao walikaa katika gari moja wakafika saa moja. Kwa kwenda na kurudi tofauti yao ilikuwa shilingi 500; kwa siku tano za kazi, shilingi 2,500. Nauli hizo zimekwisha badilishwa tangu hapo, wala msomaji asipangie safari yake kwazo. Twazitaja kwa ajili ya hesabu. Fedha ile ilipotea kwa kukosa neno moja la kuuliza, na mgeni haulizi kwa kuwa nyuma yake watu wamejipanga wakimsukuma, naye haya yamshika asijulikane kuwa ni mtu wa bara. Twawasihi wenzetu waiache haya hiyo. Mwenye kuuza tikiti hakuwekwa pale awatazame watu nyuso zao.

Sasa tuje kwenye kadi. Katika mabasi yale kadi zilitolewa tangu mwanzoni, kisha tikiti za karatasi zikashika mahali pake, na baadaye kadi zikarudi tena. Kivuko cha Kigamboni nacho kikaingia katika kadi iitwayo N-Card. Daladala hupokea fedha mkononi mwa kondakta, kama siku zote. Hivyo mgeni mwenye shughuli Posta, na Mbagala, na Kigamboni, aweza kuhitaji namna tatu za kulipa katika siku moja. Kabla ya kuweka fedha katika kadi yo yote na aulize maswali mawili: kadi hii itapokewa katika gari gani, na je, nikirudi kwetu fedha iliyosalia nitaipata?

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Waliosoma habari za miji ya Ulaya hudhani kwamba kadi ya safari, popote iwapo, ni ruhusa ya kupanda siku nzima. London ndivyo ilivyo: iko tikiti ya siku nzima, na kadi yao ya Oyster, iliyotoka mwaka 2003, tangu 2005 hukoma kutoza mtu akiisha fikia kiasi kilichowekwa kwa siku moja. Akipanda mara kumi baada ya hapo, hatozwi zaidi. Kadi ya namna hiyo ni rafiki wa mgeni, kwa kuwa mgeni hupotea njia, na akipotea hupanda tena. Lakini kadi ikatayo nauli kamili kila mara mtu apitapo langoni si ruhusa, ni mfuko wa fedha tu. Faida yake ni kuepusha foleni na matatizo ya chenji, nazo si faida za kubezwa. Ila mwenye kukaa siku tatu asiijaze kama mwenye kukaa miezi mitatu. Na ahesabu safari zake kwa vidole: kufika, kwenda ofisini, kurudi, na moja ya dharura. Atie fedha za hizo. Zikiisha, ataongeza.

Jirani zetu wametuonyesha pande zote mbili za jambo hili. Nairobi, mwaka 2013 ilitolewa kadi ya matatu iitwayo BebaPay, kwa ushirika wa Google na Equity Bank. Mwaka 2014 serikali ikataka matatu zote ziache kupokea fedha taslimu, na kadi nyingine zikatokea, kila moja na wenyewe. Wenye magari hawakuipenda habari hiyo, abiria hawakujua kadi gani itapokewa wapi, na mwaka 2015 BebaPay ilifungwa. Kigali walianza kadi yao ya Tap&Go mwaka ule ule 2015, ikapokewa katika mabasi ya makampuni mbalimbali ya mji, nayo ikashika. Si kwamba watu wa Kigali ni watiifu kuliko watu wa Nairobi, kama wengine wapendavyo kusema. Abiria alijua kwamba kadi aliyoinunua leo itafanya kazi katika gari lijalo.

Kwa hiyo twatoa maoni mawili mbele ya wanachama.

La kwanza laweza kufanywa na tawi letu lenyewe bila kumwomba mtu ruhusa. Humu madrooni mwa Ikungi zimo kadi zilizonunuliwa Dar es Salaam kwa safari moja, na ndani ya baadhi yake zimo fedha zilizolala. Mwenye nayo huenda asishuke tena mpaka mwakani, na huku mwenzake wa meza ya pili anasafiri kesho kutwa kwenda kununua kadi mpya. Kwa nini kadi zisizoandikwa jina la mtu zisiwekwe kwa katibu, ziandikwe katika daftari pamoja na fedha iliyomo, na msafiri akaazima kwa kutia sahihi? Akirudi, kilichopungua atalipa. Watasema zitapotea. Twajibu kwamba sisi ni watu ambao kila siku hukabidhiana funguo, mihuri na vitabu vya stakabadhi vya serikali, na kadi haizidi hivyo kwa thamani. Aliyepoteza atanunua nyingine. Kanuni yake haina maneno mengi.

La pili lapita nguvu za tawi. Twataka chama kiwaandikie wasimamizi wa usafiri wa mji ule kwamba iwekwe tikiti ya siku moja na ya siku saba kwa bei inayojulikana, wala isidhaniwe kuwa ni kwa watalii. Wageni wa Dar es Salaam walio wengi ni watu wa Singida na Tabora na Rukwa waliokuja na barua ya ofisi au na mgonjwa, ambao hawaujui mji, na ambao kila wakikosea kituo hulipa mara ya pili. Mwenyeji aijuaye njia yake hupanda mara mbili kwa siku. Mgeni hupanda mara tano, naye ndiye asiye na mshahara wa mjini.

Twaomba maneno haya yatiwe katika mambo ya kuzungumzwa mkutano ujao wa tawi. Na kila mwanachama mwenye kadi ya Dar es Salaam nyumbani kwake aje nayo, hata kama hakumbuki imebaki na shilingi ngapi, ili katibu ajue zipo ngapi za kuanzia.