Sapu ya kaka na vikombe viwili vya kahawa

Wiki hii nawaandikia toka nyumbani Mbinga, ambako baridi ya Julai haina utani. Kaka yangu, mtoto wa mama mdogo, amerudi toka chuo na zawadi moja tu: sapu ya fizikia. Kwa msiojua lugha ya chuo, sapu ni mtihani wa kurudia. Ukianguka tena unadisko, yaani begi mgongoni, kwaheri. Na ada ya huyu bwana imetoka kwenye kahawa ya mama mdogo, gunia kwa gunia.

Mimi niliishia Form Four na alama zangu za fizikia tuziache zilale. Lakini juzi usiku alinisomea swali moja lililomwangusha, nikashangaa kuona nalielewa. Umemimina kahawa ya moto na utainywa baada ya dakika kumi. Ili uikute ya moto zaidi, maziwa utie sasa hivi au dakika ya mwisho?

Yeye alijibu ni sawasawa. Akanionyesha kwa kanuni ya Newton: kitu cha moto hupoa kwa kasi inayofuata tofauti kati ya joto lake na la hewa. Kahawa nyuzi 90, chumba na maziwa nyuzi 15, tofauti 75. Tuseme dakika kumi zinakula theluthi, inabaki 50. Tia maziwa, robo ya kahawa, tofauti inashuka hadi 40, maana yake nyuzi 55. Ukianza na maziwa, 75 inakuwa 60, toa theluthi, 40 ileile. Ngoma droo! Lakini kwenye karatasi yake kuna mkasi mwekundu.

"Kaka, mbona sufuria kubwa la uji hupoa polepole kuliko kikombe?" nikamwuliza.

Akanyamaza. Kisha akaruka kitandani kutafuta kalamu. Kahawa yenye maziwa ina mzigo mkubwa zaidi wa kupoza, wakati mlango wa joto kutokea ni karibu uleule. Kwa hiyo theluthi haipotei. Tulipopiga hesabu upya, zilipotea asilimia 28 hivi: 60 ikabaki 43, yaani nyuzi 58. Anayetia maziwa mapema anashinda kwa nyuzi tatu.

Tukataka kupima kweli. Kipimajoto cha homa kinaishia nyuzi 42, kwa hiyo kifaa chetu kikawa ulimi wa mama mdogo, ambaye kahawa analima lakini anakunywa chai. Akaonja vyote viwili, akasema, "Hiki kina afadhali." Alikuwa ameshika cha maziwa ya mapema!

Jumamosi tukateremka Mbamba Bay kuvuta upepo wa Ziwa Nyasa. Pale ufukweni ndipo nilipomwuliza kwa nini hakumfuata mwalimu wake mapema.

"Wangenicheka, mdogo wangu."

Basi nikamkumbusha Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa Form Three shule ya Magamba, alitia maziwa ya aiskrimu kwenye friza yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alikuja Dakta Denis Osborne wa chuo cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akauliza swali lilelile mbele ya wenzake, wakaangua kicheko. Osborne akaenda kulijaribu maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo wanafizikia wanabishana juu yake, wengine hawakubali kabisa. Lakini jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba, na wale waliocheka hata majina yao sijui.

Kaka alirusha kijiwe majini, hakusema kitu. Tuliporudi Mbinga usiku akaomba simu yangu, ya kwake haina chaji, akamwandikia mwalimu wake maswali matano. Matano! Mwalimu bado hajajibu. Sapu ni Septemba, na mama mdogo leo alfajiri keshatoka na kikapu chake kwenda kuchuma.