PLANI NZURI, BOMBA BAYA



Juu ya mishahara tumesema mara nyingi, na tutasema tena. Leo twataka kusema juu ya maarifa ya watu wanaochora plani za mabomba ya viwandani. Waajiri hudhani hilo si jambo la chama. Sisi twasema ni la chama, kwa sababu mchoraji akikosea, anayeungua si yeye. Ni fundi aliyesimama kando ya bomba.

Siku hizi plani hutoka ofisini safi sana, imechorwa kwa kompyuta, ina vipimo na rangi. Lakini mwulize aliyeichora bomba la mvuke hurefuka kiasi gani likipata moto, mara nyingi hutapata jibu. Hesabu yenyewe si ngumu. Bomba la chuma la meta 30, likitoka katika baridi ya asubuhi ya Kitale, digrii 15, mpaka digrii 180 za mvuke, hurefuka karibu sentimeta 6. Likifungwa imara ncha zote mbili bila kupewa nafasi, litapinda au litapasua maungio. Tena likilazwa bila mteremko na bila mahali pa kutolea maji, mvuke uliopoa hugeuka maji, na mvuke unaofuata huyakimbiza maji hayo na kuyapiga kwenye kona kama nyundo. Valvu huweza kuvunjika kwa pigo moja.

Mambo haya si ya Afrika peke yake. Huko Flixborough, Uingereza, tarehe 1 Juni 1974, kiwanda cha kemikali kililipuka na watu 28 wakafa. Mtungi mmoja ulikuwa umeondolewa, likawekwa bomba la muda kuunganisha pengo. Plani yake ilikuwa chaki juu ya sakafu ya karakana. Nguvu za kulipinda bomba lile hazikupigiwa hesabu ipasavyo, na nafasi ya mhandisi wa kiwanda ilikuwa wazi. Chaki au kompyuta, pasipo maarifa ni mamoja.

Kwetu Bungoma, kiwanda cha karatasi cha Panpaper, Webuye, kilichoanza kazi mwaka 1974, na kile cha sukari cha Nzoia, kilichoanza 1978, vilikuwa skuli za mvuke. Mwanagenzi alishika spana kabla ya kushika kalamu. Panpaper iliposimama mwaka 2009 mafundi walitawanyika. Tena viwanda vingi sasa huita kontrakta. Kazi ikiisha, fundi huenda zake na maarifa yake.

Hatuwalaumu vijana. Vyuo vya Kitale na Sang'alo vina vijana wenye akili, lakini kijana akipelekwa kiwandani miezi mitatu na kupewa ufagio, atajifunza ufagio. Waajiri watajibu kwamba kompyuta hupiga hesabu zote. Kompyuta hupiga hesabu ya kile ilichoambiwa. Asiyejua kuuliza hataambiwa.

Wasiseme fedha hakuna. Mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo ya viwandani, na anayefundisha watu wake kwa utaratibu aweza kurudishiwa gharama. Kwa hivyo twataka mambo matatu:

1. Mchoraji wa mabomba afanye kazi karakanani mwaka mzima kabla ya plani yake kukubaliwa.

2. Fundi mzee anayefundisha alipwe kwa kufundisha, wala isihesabiwe kuwa ni hisani.

3. Kila plani ya mvuke isomwe na fundi atakayeifunga, naye awe na haki ya kuikataa bila kufukuzwa.

Mpaka hayo yapatikane, ndugu, ukipewa plani usiyoielewa, usikaze hata bolti moja. Uliza. Usipojibiwa, mwite mwakilishi wa chama aione pamoja nawe, kabla mvuke haujafunguliwa.